Sura ya Sita: Bei ya Mrushaji Siku ya Dabi

Ukifungua orodha ya mechi za besiboli kwenye kampuni ya kubeti utaona kitu ambacho mpira wa miguu hauna. Chini ya jina la kila timu limeandikwa jina la mtu mmoja. Si nahodha, wala si mpigaji nyota. Ni mrushaji atakayeanza mechi hiyo. Akiumwa bega saa tatu kabla ya mchezo na nafasi yake akapewa mwingine, odi za timu nzima zinahama. Ipo hata aina ya beti yenye sharti lake: mrushaji aliyetajwa asipoanza, beti inafutwa na dau linarudi kwa mwenyewe.

Uzito huo una sababu. Hakuna kinachotokea katika besiboli mpaka mrushaji auachie mpira. Anasimama mita 18.44 kutoka kwa mpigaji na kurusha kwa kasi inayoweza kuvuka kilomita 150 kwa saa. Mpigaji ana chini ya nusu sekunde ya kuamua apige au auache upite. Kazi hiyo inauchosha mkono vibaya, kwa hiyo anayeanza leo hupumzishwa siku nne au tano, na timu huwa na watu kama watano wanaopokezana. Ndiyo maana timu ya Jumatatu si timu ya Jumanne, ingawa jezi ni ile ile.

Sura hii inahusu mechi moja inayovutia fedha nyingi kuliko mechi nyingine nyingi: New York Yankees dhidi ya Boston Red Sox. Ni watani wa jadi wa kweli. Boston walikuwa mabingwa mwaka 1918, na Desemba 1919 wakakubali kumuuza Babe Ruth kwa New York kwa dola 100,000. Ruth wa Boston alikuwa mrushaji kabla ya kuwa mpigaji anayekumbukwa leo. Mwaka 1916 aliongoza ligi yake kwa ERA ya 1.75. Tangu ubingwa ule wa 1918 Red Sox walikaa miaka 86 bila mwingine, hadi 2004. Mechi zao za jioni za kiangazi zinazoanza saa moja na dakika kumi kule kwao huwa ni saa nane na dakika kumi usiku Nairobi na Dar es Salaam, na bado odi zake zimo kwenye simu za watu wa huku.

Msimamo wangu nitausema mapema ili msomaji aupime njiani. Takwimu za mrushaji ni za kweli na zina kazi. Lakini dabi ndiyo mahali pagumu zaidi pa kuzigeuza kuwa fedha.

Namba tatu, na ya nne iliyozipindua

Namba ya kwanza anayokutana nayo mgeni ni ushindi na vipigo: mrushaji fulani ana 10 kwa 9. Iache. Mwaka 2018 Jacob deGrom wa New York Mets alimaliza msimu kwa ushindi 10 na vipigo 9, rekodi ya mtu wa kawaida kabisa, na bado akapewa tuzo ya Cy Young ya mrushaji bora wa ligi yake. Yeye alikuwa anawazuia wapinzani. Wenzake ndio waliokuwa hawafungi. Namba ya ushindi inapima timu, kisha inamwandikia mtu mmoja matokeo.

Namba ya pili ni ERA. Mechi ina zamu tisa, na katika kila zamu kila timu hupiga mpaka watu wake watatu watolewe. ERA ni wastani wa pointi ambazo mrushaji ameruhusu kwa kila zamu tisa, bila kuhesabu zile zilizotokana na makosa ya wazi ya walinzi wake. Ameruhusu pointi 60 katika zamu 180: 60 mara 9, gawa kwa 180, unapata 3.00. Mwenye 3.00 ni hodari; aliyevuka 5.00 nafasi yake iko mashakani. Msimu ule wa 2018 deGrom alikuwa na 1.70.

Ya tatu ni WHIP: idadi ya wapigaji waliofika besi, yaani vituo ambavyo mpigaji hukimbilia ili kufunga pointi, kwa kupiga vizuri au kwa kupewa besi ya bure, kwa kila zamu. Inakuonyesha ni mara ngapi mrushaji anajitia matatani, hata kama siku hiyo alijinasua. Iliyo karibu na 1.00 ni nzuri sana.

Kisha akaja Voros McCracken. Mwanzoni mwa 2001 alichapisha hoja iliyowaudhi wakongwe wa mchezo: mpira ukishapigwa ukabaki ndani ya uwanja, mrushaji hana mamlaka makubwa juu ya kitakachofuata. Ukimwangukia mlinzi mikononi au ukipenya katikati ya wawili, hiyo kwa sehemu kubwa ni kazi ya walinzi na bahati. Kinachomhusu mrushaji moja kwa moja ni mambo matatu: wangapi amewatoa kwa straiki tatu bila wao kuupeleka mpira uwanjani, wangapi amewapa besi ya bure, na homurani ngapi, yaani mipira iliyopigwa ikavuka uzio, zimepigwa juu yake.

Mfano mzuri uko Boston kwenyewe. Pedro Martinez, mzaliwa wa Jamhuri ya Dominika, alikuwa na ERA ya 2.07 mwaka 1999 na 1.74 mwaka 2000. Kwa macho ya ERA, mwaka wa pili ulikuwa bora. Sasa tazama mipira iliyopigwa ikabaki uwanjani. Mwaka 1999 karibu asilimia 32 ya mipira hiyo iliwafikisha wapigaji besi. Mwaka 2000 ilikuwa asilimia 24 hivi. Mtu ni yule yule, mkono ni ule ule. Kilichobadilika zaidi ni mahali mipira ilipoangukia.

Kutokana na hoja hiyo mtafiti anayejulikana kwa jina la Tom Tango alitengeneza FIP, na unaweza kuipiga kwa kikokotoo cha simu. Zidisha homurani kwa 13. Jumlisha besi za bure na wapigaji waliogongwa na mpira, zidisha kwa 3. Toa idadi ya waliotolewa kwa straiki tatu mara 2. Gawa kwa zamu alizorusha, kisha ongeza namba ya ligi, karibu 3.1, ili jibu lisomeke kama ERA. Pedro wa 1999: homurani 9 zinatoa 117, besi za bure 37 na waliogongwa 9 wanatoa 138, waliotolewa kwa straiki 313 wanaondoa 626. Jumla ni hasi 371. Gawa kwa zamu 213 na theluthi, ongeza namba ya msimu huo, unapata 1.39. Ukipiga hesabu hiyo hiyo kwa mwaka 2000 unapata kama 2.2. Kwa FIP, mwaka wa 1999 ndio uliokuwa wa ajabu zaidi. Tarehe 10 Septemba mwaka huo Pedro aliingia Yankee Stadium akawatoa watu 17 kwa straiki tatu na kuruhusu pigo moja tu, homurani ya Chili Davis. Boston walishinda 3 kwa 1.

Kwa mtu anayebeti, FIP ina faida moja kubwa: inabashiri ERA ya kesho vizuri kuliko ERA ya leo inavyojibashiri yenyewe. Mrushaji mwenye ERA ya 4.60 na FIP ya 3.40 pengine ni mzuri kuliko anavyoonekana. Mwenye ERA ya 2.80 na FIP ya 4.10 anaishi kwa mkopo.

Walinzi nyuma yake

FIP nayo ina upofu wake, kwa sababu inawaondoa walinzi kwenye hesabu ilhali kwenye mechi wapo. Derek Lowe wa Boston alimaliza msimu wa 2004 na ERA ya 5.42. Alikuwa mrushaji wa mipira inayozama: wapigaji wengi waliishia kuisukuma chini, ikabingirika ardhini kuelekea kwa walinzi wa ndani. Mrushaji wa namna hiyo anategemea miguu na mikono ya wenzake kuliko anayewatoa watu kwa straiki.

Tarehe 31 Julai 2004 Red Sox walimwachia Nomar Garciaparra, kipenzi cha mashabiki, na katika biashara hiyo wakawapata Orlando Cabrera na Doug Mientkiewicz, wote wawili walinzi hodari wa ndani. Lengo lilikuwa hilo hilo, kuziba mianya. Oktoba, Yankees wakaongoza fainali ya ligi yao mechi 3 kwa 0, Boston wakasawazisha 3 kwa 3, na mechi ya saba New York ikaanzwa na Lowe, akiwa amepumzika siku mbili tu. Anayesoma ERA peke yake alimwona mtu wa 5.42 mwenye mkono uliochoka. Lowe alirusha zamu sita, akaruhusu pigo moja na pointi moja. Boston walishinda 10 kwa 3.

Nisieleweke vibaya: hakuna hesabu iliyobashiri zamu sita za pigo moja. Ninachosema ni kwamba 5.42 ilikuwa imebeba miezi minne ya ulinzi ambao haukuwepo tena uwanjani Oktoba. Kabla ya kuamini namba, uliza ilipatikana mbele ya walinzi gani na katika uwanja upi. Fenway Park ya Boston, iliyofunguliwa mwaka 1912, ina ukuta wa mita 11 upande wa kushoto, ulio karibu kiasi kwamba mpira wa juu ambao kwingine ungedakwa unaugonga na kurudi. Yankee Stadium ina uzio wa karibu upande wa kulia, ambao wapigaji wa mkono wa kushoto wanaupenda. Mrushaji anayeruhusu mipira mingi ya juu hana thamani ile ile katika viwanja hivyo viwili.

“Huyu anawaweza”

Wiki ya dabi haipiti bila mchambuzi kutoa namba ya aina hii: fulani ana ERA ya 1.90 dhidi ya Yankees, au fulani Boston wanamjua nje ndani. Hii ndiyo takwimu tamu kuliko zote, na ndiyo dhaifu kuliko zote.

Masahiro Tanaka wa Yankees anatosha kulionyesha hilo. Tarehe 6 Oktoba 2018 alikwenda Fenway kwenye mchujo na kukutana na Red Sox waliokuwa wameshinda mechi 108 msimu huo. Alirusha zamu tano, akaruhusu pointi moja, Yankees wakashinda 6 kwa 2. Ukibeti kwa historia ya mtu na mtani wake, umeshapata mtu wako. Tarehe 29 Juni 2019 timu hizo zikakutana London, katika mechi ya kwanza ya ligi kuu ya Marekani kuchezwa Ulaya. Tanaka hakumaliza zamu ya kwanza. Mwenzake wa Boston, Rick Porcello, mshindi wa Cy Young wa 2016, naye hakuimaliza. Zamu ya kwanza iliisha 6 kwa 6, mechi ikaisha 17 kwa 13 kwa Yankees, na kesho yake wakashinda tena 12 kwa 8. Pointi 50 kwa mechi mbili. Tarehe 25 Julai Tanaka akarudi Fenway, akaruhusu pointi 12 katika zamu tatu na theluthi.

Je, Boston walikuwa wamemsoma? Inawezekana kidogo. Lakini mpira wake mkuu, ule unaodondoka ghafla karibu na mpigaji, ulikuwa haudondoki msimu ule dhidi ya timu nyingine pia, na baada ya kipigo cha Julai akabadilisha namna ya kuushika. Tatizo lilikuwa kwenye vidole, na aliyetazama mwenendo wa mpira wenyewe alikuwa na habari bora kuliko aliyetazama jina la mpinzani.

Hesabu inaeleza kwa nini. Tangu 2023 timu za kundi moja, kama hizi mbili, hukutana mara 13 tu kwa msimu, kutoka 19 za awali. Gawa mechi hizo kwa warushaji watano: kila mmoja anapata mbili au tatu. Hiyo ni wapigaji 60 au 70 kwa mwaka mzima, na mwaka unaofuata nusu ya wapigaji hao huenda wamehama au wamechuja. Mapigo mawili yaliyopenya pembeni yanatosha kuigeuza namba nzima. Mrushaji mzuri dhidi ya ligi nzima ndiye mrushaji mzuri dhidi ya mtani wake, mpaka ushahidi mwingi zaidi useme vingine.

Mrushaji hamalizi mechi

Kosa jingine la kawaida ni kumnunua mrushaji wa kuanza kana kwamba atakuwepo hadi mwisho. Siku hizi wastani wake ni zamu tano na kidogo. Zamu nne zilizobaki ni za warushaji wa akiba, ambao majina yao hayamo kwenye orodha ya odi.

Zaidi ya hapo, mrushaji anapokutana na wapigaji wale wale kwa mara ya tatu katika mechi moja, wanampiga vizuri kuliko mara ya kwanza. Wameshaona mipira yake, na mkono umeshachoka. Somo hilo Boston walilipa kwa bei kubwa tarehe 16 Oktoba 2003, mechi ya saba ya fainali ya ligi mbele ya Yankees. Pedro alianza zamu ya nane timu yake ikiongoza 5 kwa 2. Derek Jeter akapiga mpira wa besi mbili, Bernie Williams akamwingiza nyumbani. Kocha Grady Little akatoka kwenda kuzungumza na Pedro, kisha akarudi kwenye benchi na kumwacha aendelee. Hideki Matsui akapiga, Jorge Posada akapiga, ikawa 5 kwa 5. Pedro alitoka akiwa amerusha mipira 123. Zamu ya 11 Aaron Boone akampigia Tim Wakefield homurani na msimu wa Boston ukaishia hapo. Little hakuongezewa mkataba.

Mtu aliyeweka fedha kwa Boston usiku ule kwa sababu ya takwimu za Pedro alikuwa sahihi kuhusu Pedro kwa zamu saba, na mkeka wake ukachanika. Leo kampuni nyingi zina beti ya zamu tano za kwanza. Mechi ile baada ya zamu tano ilikuwa 4 kwa 1 kwa Boston. Kama hoja yako yote ni mrushaji wa kuanza, basi nunua zamu zake tu. Kama unanunua mechi nzima, kwanza angalia ni warushaji gani wa akiba waliotumika jana na juzi, kwa sababu waliorusha siku mbili mfululizo mara nyingi hawapatikani ya tatu.

Hesabu ya bei

Tuseme Yankees wako nyumbani kwa odi 1.67 na Red Sox wamepewa 2.30. Gawa 100 kwa kila odi: Yankees asilimia 59.9, Boston asilimia 43.5. Jumla ni 103.4. Hiyo 3.4 ya ziada ni ada ya kampuni, nawe unailipa kabla mpira haujarushwa. Ili Boston wakulipe kwa muda mrefu, sharti washinde zaidi ya asilimia 43.5 ya mechi za namna hii.

Umefanya kazi yako. FIP ya mrushaji wa Boston ni nzuri kuliko ERA yake, warushaji wao wa akiba wamepumzika, umezingatia kwamba mwenyeji hushinda kama asilimia 54 ya mechi. Unafikia asilimia 45. Zidisha 0.45 kwa 2.30, unapata 1.035: faida ya senti tatu na nusu kwa kila shilingi, kwa wastani wa mechi nyingi sana. Lakini ukiwa umekosea kwa asilimia mbili tu, na ukweli ni 43, jibu ni 0.989 na unapoteza. Hakuna mtu anayeweza kuijua nafasi ya timu katika mechi moja kwa usahihi huo. Hata Red Sox wa 2018, bora katika historia ya klabu, walipoteza mechi 54.

Na hapa dabi inajitofautisha. Mahakama Kuu ya Marekani iliondoa katazo la kitaifa la kubeti michezo mwezi Mei 2018. New York ilifungua kubeti kwa simu Januari 2022, Massachusetts Machi 2023, kwa hiyo mashabiki wa pande zote mbili sasa wanabeti wakiwa sebuleni. Wengi wananunua jezi, si bei. Msomaji anaweza kudhani fedha hizo za mapenzi zinaacha mwanya kwa mwenye takwimu. Mara chache ndivyo ilivyo. Mechi inayotazamwa na wengi ndiyo ambayo wataalamu wenye mitaji nao wanaitazama, na odi zikisogea kwa ushabiki, wao wanazirudisha. FIP si siri ya mtu. Red Sox wenyewe walimwajiri Bill James, baba wa takwimu za besiboli, mwaka 2002, na McCracken naye wakamchukua kuwa mshauri. Unachokijua kuhusu mrushaji wa leo, mpanga odi alikijua jana.

Mwanya, ukiwepo, hutokea pale macho yanapokuwa machache: mrushaji chipukizi wa timu ya mkiani, ERA yake mbaya na FIP yake nzuri, mechi ya mchana katikati ya wiki ambayo hakuna televisheni ya taifa inayoirusha. Hata huko, dau liwe dogo, lile ambalo likiliwa halimnyimi mtoto ada. Ligi ina mechi 2,430 kwa msimu. Yankees na Red Sox wanacheza 13 kati ya hizo, na hakuna anayekulazimisha kubeti hizo 13.